Jasho la Marumaru

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo, na wananchi wake wote wamekwisha kuarifiwa hivyo kwa waraka. Kwa hiyo wewe msomaji, ukikuta humu jambo unalolifahamu, lifumbie macho kidogo, litapita. Mimi sina nia mbaya na mtu. Nasimulia tu yaliyompata Kibwana Sefu, mtunza marumaru, kwa kuwa mwenyewe hakupata wa kumsimulia.

Mambo yalianza pale kiongozi wa nchi hiyo, ambaye jina lake lilikuwa takatifu mno kutamkwa na hivyo akaitwa Mwadhama tu, alipoalikwa katika nchi moja ya mbali yenye baridi na ukavu. Huko alitembezwa ndani ya kasri la marumaru, akaona sakafu inayong'aa hata mtu angeweza kujinyoa ndevu kwa kuinama. Moyo ukamruka. Aliporudi aliagiza kasri kama lile, lijengwe hatua mia tatu kutoka baharini, ili wageni wanaoingia kwa meli walione hilo kabla hawajaona mengine. Mafundi wa zamani wa pwani, waliozoea kujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, walisema kwa adabu kwamba jiwe lile halikuzaliwa huku na hewa ya bahari italitesa. Walishukuriwa sana kwa mchango wao, kisha wakahamishiwa kwenye mradi wa kuchimba visima mahali pasipo na maji.

Kasri la Heshima likasimama. Sakafu marumaru, nguzo marumaru, kuta marumaru, hata kibao cha kukataza kutema mate kilichongwa kwa marumaru. Na ili ubaridi wa ile nchi ya mbali usikosekane, vilifungwa viyoyozi arobaini na ikaamriwa visizimwe kamwe, maana Mwadhama angeweza kutokea wakati wowote. Alikuwa akitokea mara moja kwa mwaka.

Mtu wa pwani ameshaelewa shida iko wapi. Toa chupa ya maji kwenye friji, iweke mezani, kaa uitazame. Kasri zima lilikuwa chupa hiyo. Milango ikiwa imefungwa, jiwe la baridi lilikaa kavu. Ikifunguliwa tu, hewa nzito ya bahari inaingia, inaligusa jiwe, na kabla hujamaliza kuvua viatu sakafu imelowa chepechepe. Ndiyo kusema marumaru ile ilikuwa kavu mpaka aingie mtu wa kuitazama.

Mwaka wa pili Mwadhama aliteleza. Sithubutu kusema alianguka, kwa sababu taarifa rasmi ilieleza kwamba sakafu ilimpokea kwa unyenyekevu. Wizara ya Mng'aro na Heshima za Taifa ilikesha ikifikiri, ikatoa waraka kwamba neno jasho lisitumike tena kwa jiwe la serikali. Jasho ni la mwenye wasiwasi, ulisema waraka, na serikali haina wasiwasi. Ikatolewa pia fomu ya kujazwa kila asubuhi kuhusu hali ya jiwe, nayo ilikuwa na nafasi tatu za kuchagua: Kavu, Kavu Sana, na Kavu Kupindukia. Mwisho ikaamuliwa kwamba, kwa usalama wa jiwe, asiingie mtu yeyote ndani ya Kasri isipokuwa mtunzaji mmoja.

Huyo mmoja ndiye Kibwana. Alipoajiriwa alikuwa na miaka hamsini, mkono mwepesi, na mke aliyeitwa Mashavu. Alipewa chumba nyuma ya jiko la wageni ambalo halijawahi kupika. Kazi aliijua vizuri kuliko waliomwajiri. Kwanza unafagia mchanga kwa ufagio laini, kwa kuwa punje moja ya mchanga wa pwani ikiburutwa huacha mkwaruzo usiotoka. Kisha maji safi yenye sabuni kidogo, tena ya upole. Kisha unakausha papo hapo kwa kanga kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zikalegea, kwa sababu kanga mpya haishiki maji. Viungio vya mawe unavipitia kwa mswaki kabla kuvu haijatia weusi. Halafu unarudi ulikoanzia, maana wakati unafika mwisho wa ukumbi, mwanzo wake umeshaanza upya.

Kazi haikumchosha. Kilichomchosha kilikuwa ukimya. Ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya watu elfu moja, na mtu mmoja ndani yake alikuwa mdogo sana. Miaka ya mwanzo alikuwa akiimba. Sauti ikipaa, inagonga kuta, inamrudia imepoa, akaona afadhali anyamaze. Akaanza kuzisalimu nguzo. Ya tatu kutoka mlangoni ilikuwa na ufa mdogo, nayo aliiuliza hali kila siku kama jirani mwenye maradhi ya kudumu. Mwaka wa nne Mashavu alifariki, Wizara ikampa nusu siku ya kuzika. Aliporudi jioni, bado ana udongo kwenye kucha, aliikuta sakafu imelowa kwa sababu mtu wa kumshikia zamu alisahau kufunga mlango, akapiga magoti akaikausha huku analia. Hakuna aliyemwona, na fomu ya siku ile inasema Kavu Sana.

Likizo hakuwahi kupata. Kila mwaka aliomba, na kila mwaka Mkurugenzi Zahoro, mkuu wa marumaru zote za nchi, alimjibu kwa upole uleule.

"Mzee Kibwana, jiwe ni kavu kwa sababu wewe upo. Ukiondoka, litakuwa kavu kwa sababu gani?"

Kibwana alikuwa akitafuta kasoro katika maneno hayo njia nzima ya kurudi, na kasoro ilikuwapo, ila kila alipoishika ilimponyoka.

Mwaka wa kumi na moja, asubuhi moja, simu yake iliita. Ilikuwa ni Mwanahamisi, binti yake wa pekee, aliyeolewa huko milimani, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuwa amejifungua usiku wa jana. Mtoto wa kike.

"Tumempa jina la mama," alisema. "Kwa hiyo mkeo amerudi, Baba. Mahari hataki. Anataka umbebe tu."

Kibwana alikaa chini kwenye sakafu ya serikali, jambo lililokatazwa, akacheka mpaka nguzo zote zikacheka naye. Aliuliza mtoto ana nywele, akaambiwa anazo tele. Aliuliza mashavu je, akaambiwa jina limepata mwenyewe. Kisha Mwanahamisi akashusha sauti, akamweleza lililobaki. Mumewe, ambaye ni mwuguzi, alikuwa amepata kazi ng'ambo, mbali kweli. Walikuwa wanangoja arobaini ya mtoto iishe tu. Siku ya arobaini na moja wangepanda ndege.

"Tukishavuka, Baba, sijui tena lini. Njoo umwone kabla hatujaondoka."

Alimwahidi. Kisha akabadili shati, akaenda Wizarani akiwa na siku arobaini mkononi, akijiona tajiri.

Mkurugenzi Zahoro alimpokea akiwa nyuma ya meza ya marumaru iliyolowa pembeni, karatasi zake zote zimejikunja. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akampongeza kwa mjukuu. Akasimama, kama alivyosimama kila alipotaka kusema jambo refu, akaeleza kwamba mjukuu ni hazina ya familia, ila marumaru ni hazina ya taifa, na taifa ni familia kubwa, hivyo kwa hesabu ya haraka marumaru ni mjukuu wa kila mtu. Hata hivyo Wizara ina utu. Siku ya thelathini na sita kutoka siku hiyo Mwadhama atafika Kasrini kwa Sikukuu ya Jiwe. Mwadhama akipita kutoka mlangoni hadi jukwaani bila kupokewa kwa unyenyekevu, likizo itazungumzika.

Kibwana alihesabu njiani. Thelathini na sita, ongeza ya safari, anafika siku ya thelathini na nane. Angembeba mtoto siku mbili nzima. Zilimtosha.

Dawa ya sakafu alikuwa akiijua tangu mwaka wa kwanza, na hakuwahi kuulizwa. Jiwe linatoka jasho kwa sababu limepoozwa. Lisipopoozwa, likiachwa lipate joto lilelile la hewa, halina sababu ya kulowa. Basi siku nne kabla ya sikukuu alifanya kosa la jinai: alizunguka ukumbi, akazima viyoyozi vyote arobaini kimoja kimoja, akafungua madirisha ambayo hayakuwahi kufunguliwa. Upepo ukaingia. Ulikuja na harufu ya samaki wa kukaanga na sauti za wanawake wanaogombana sokoni, na Kibwana akasimama katikati ya ukumbi akiwasikiliza, kwa raha, ugomvi usiomhusu. Siku ya pili aliweka kiganja kwenye nguzo ya tatu. Haikuwa ya baridi tena. Ilikuwa na joto la kadiri, kama mtu.

Siku mbili kabla ya sikukuu Mkurugenzi Zahoro alikuja kukagua. Milango ikafunguliwa wazi. Akainama, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama, akakinusa, akakipitisha tena mahali pengine. Kilikuwa kikavu. Alipitisha na leso nyeupe, ikabaki nyeupe. 

"Mzee," Mkurugenzi alisema taratibu, "kama hali ni hii, barua yako nitaiandika mimi kwa mkono wangu."

Hadithi ingeishia hapo, na mimi ningelala mapema. Lakini Mkurugenzi Zahoro alikuwa mtu wa pwani, na alilelewa na bibi yake. Alipokuwa anatoka aliigeukia ile sakafu, akaona kwamba kukauka imekauka, ila mng'aro wake ni wa kawaida tu, na sikukuu haiwezi kuwa ya kawaida. Akakumbuka jinsi bibi alivyokuwa akisugua sinia za shaba kwa ndimu kila ikikaribia Idi, mpaka zinawaka. Na hakuna kitu pwani ambacho ndimu haikitakasi: samaki, shaba, sufuria, kikohozi, hata husuda. Kesho yake yakafika malori matatu ya ndimu na wasuguaji mia mbili.

Kibwana alisimama mlangoni akanyoosha mikono.

"Mheshimiwa, ndimu inakula marumaru," alisema. "Shaba ni shaba. Hili jiwe ni ndugu yake chokaa. Ukilitia ukali linayeyuka uso."

"Mzee wangu, ndimu tumekuwa nayo toka enzi za mababu."

"Ndimu tunayo, Mheshimiwa. Marumaru ndiyo hatukuwa nayo."

Wasaidizi walitazamana. Mkurugenzi akamwekea mkono begani, akamwambia kwamba wivu wa kitaalamu ni jambo la kibinadamu, na kwamba likizo bado ipo, isipokuwa aiharibu mwenyewe. Kibwana aliona uso wa mtoto ambao hajauona, na nywele zake tele. Akashusha mikono, akasogea pembeni. Mimi simlaumu, ila yeye alijilaumu.

Ndimu zikakatwa, zikakamuliwa, sakafu ikasuguliwa kwazo na kwa majivu. Jiwe likatoa povu dogo na mlio mwembamba ukumbi mzima. Mkurugenzi aliinua kidole watu wanyamaze, akasikiliza, akatangaza kwamba jiwe linashangilia. Maofisa wakapiga makofi kulijibu. Ilipofika jioni povu liliondolewa kwa maji ya mpira, na mng'aro wa miaka kumi na moja ukaondoka nalo. Sakafu ilibaki na rangi ya uji uliolala. Kibwana alipiga magoti akaipapasa, akahisi ukavu wa chaki, vijishimo vidogo vidogo visivyo na idadi. Jiwe lilikuwa limefunguka ngozi. Masika mawili, chumvi ikishaingia ndani, lingeanza kumeguka kama mkate mkavu. Alitafuta wa kumwambia, akaiambia nguzo ya tatu, na yenyewe ilikuwa imesuguliwa.

Sikukuu ya Jiwe ilifana. Watu elfu moja waliingia, na hakuna aliyemwuliza Kibwana hali, ingawa watatu walimpa viatu vyao awashikie. Kulikuwa na joto kali, na Waziri akaeleza kuwa ni joto la uzalendo. Kisha Mwadhama akatokea mlangoni. Alikanyaga sakafu kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Haikuteleza. Ingetelezaje, nayo imeparara kama jiwe la kusugulia miguu? Akapiga hatua ya pili, ya tatu, akatembea hadi jukwaani wima. Tena miaka yote alikuwa akiona kwenye sakafu ile mzee mmoja mnene akimtazama kutoka chini, na mwaka huu yule mzee hakuwepo. Furaha ilimjaa. Mkurugenzi Zahoro alivishwa nishani palepale, na ikatangazwa kwamba marumaru zote za nchi zisuguliwe kwa ndimu kabla mwaka haujaisha.

Katika kushuka, Mwadhama alimwona Kibwana kando ya nguzo akiwa amekumbatia viatu vya watu. Akauliza huyu mzee ni nani. Mkurugenzi akajibu kwamba ni msaidizi wake katika mradi wa ndimu.

"Naye anataka nini?"

Ukumbi mzima ulimgeukia Kibwana. Alikuwa na hotuba nzima kifuani, kuhusu ndimu, kuhusu viyoyozi, kuhusu chumvi. Akachagua.

"Likizo, Mwadhama. Nikamwone mjukuu wangu."

"Apewe," alisema Mwadhama, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akaongeza, akitazama huku na huku kwa mapenzi, kwamba kwa kweli nchi nzima hii hakuna mahali pazuri pa kupumzika kama humu.

Usiku ule Kibwana alifunga mkoba wake. Aliweka shati moja, kanga mpya ya kumbebea mtoto, na kopo la halua.

Barua ilifika alfajiri ya siku ya thelathini na saba, imeandikwa kwa mkono, kama alivyoahidiwa. Alipewa likizo ya siku saba kuanzia siku hiyo. Kisha ikaendelea kusema kwamba, kwa kuwa Mwadhama ametamka hakuna mahali pazuri pa kupumzika kama Kasri la Heshima, na kwa kuwa mtu aliyepewa likizo na Mwadhama mwenyewe hastahili mahali pa chini ya hapo, likizo hiyo itafanyika ndani ya Kasri, mipaka yake ikiwa ni mlango wa mashariki na mlango wa magharibi. Ndoo, ufagio na kanga kuukuu vilichukuliwa, maana mtu wa likizo hafanyi kazi. Viyoyozi vikawashwa vyote kwa ajili ya starehe yake. Kiti kikawekwa katikati ya ukumbi. Na kila mlangoni wakasimama walinzi wawili ili asisumbuliwe.

Alilalamika kwa Mkurugenzi kwa simu, akajibiwa kwamba tamko la Mwadhama halipunguzwi. Siku ya pili alijaribu kutoka na mkoba wake. Mlinzi mmoja, mtu mpole tu, alimshika mkono akamrudisha kitini.

"Pumzika, mzee," alimwambia. "Wenzako wanaililia nafasi hii."

Akapumzika. Mara tatu kwa siku mlango ulifunguliwa kumletea chakula, na kila ulipofunguliwa sakafu ililowa. Zamani maji yalikaa juu, unayafuta. Sasa jiwe liliyanywa. Aliona madoa yakitambaa kutoka mlangoni kuja kwenye kiti chake, na mikono yake ikicheza yenyewe magotini. Upweke wa miaka kumi na moja ulikuwa na kazi ya kuushughulisha. Huu haukuwa na kitu. Hakumpigia Mwanahamisi simu. Kila saa alijiambia labda barua nyingine itakuja, na hakutaka kumvunja moyo kabla ya wakati.

Asubuhi ya siku ya arobaini na moja simu iliita. Nyuma ya sauti ya Mwanahamisi kulikuwa na zogo la uwanja wa ndege, watu wakiitwa majina. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba walimngoja mpaka jana usiku, kisha akasema huyu hapa mkeo, msalimie. Kibwana akasikia pumzi ndogo, ya haraka haraka, na sauti kama ya mtu anayelamba midomo. Aliubana mkono wa kiti.

"Mashavu," alisema. "Mke wangu, hujambo?"

Ukumbi ukayachukua maneno, ukayarudisha kutoka kila upande, mke wangu, hujambo, mpaka yakaisha. Mwanahamisi alirudi kwenye simu.

"Baba, uko wapi? Mbona sauti yako inajirudia hivyo?"

"Niko likizo, mwanangu."

"Kumbe walikupa?"

"Walinipa. Siku saba."

"Tangu lini?"

"Leo ya tano."

 Kibwana akafungua mdomo amweleze. Aliyapanga maneno haraka: kwamba likizo yenyewe ni ya humu ndani, kwamba kuna walinzi wanne wanaolinda mapumziko yake, kwamba ni kwa sababu ya ndimu, na kwa sababu Mwadhama hakuteleza. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliyageuza huku na huku, na kila alivyoyageuza yalisikika kama uongo wa mzee asiyetaka kupanda basi. Akaona haya, akafunga mdomo.

Huko uwanjani jina la mume wa Mwanahamisi liliitwa, kisha la Mwanahamisi mwenyewe, kisha la Mashavu.

"Basi pumzika, Baba," Mwanahamisi alisema kwa upole, na simu ikakatika.

Kibwana aliendelea kukaa kitini. Zilikuwa zimebaki siku mbili.